Sindano ya milimita 25, skrini ya inchi 32

Sindano ya kumchanja mtu mzima begani huwa na urefu wa milimita 25 hivi, na unene wa nusu milimita na ushei. Dozi inayopita humo ni nusu mililita, au mililita 0.3 kwa chanjo ya Pfizer ya UVIKO-19. Sasa ipeleke sindano hiyo kwenye taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Televisheni ya inchi 32 ina upana wa sentimita 71 hivi. Mpiga picha akiivuta mpaka sindano ichukue theluthi ya skrini, pale sebuleni itaonekana ina urefu wa sentimita 23 na zaidi, mara 9 ya ukubwa wake halisi. Kwenye televisheni ya inchi 55 itafika sentimita 40, mara 16. Aliyekaa kwenye kochi haoni tena kile kijisindano ambacho muuguzi hukishika kwa vidole vitatu. Anaona msumari.

Tangu tarehe 8 Desemba 2020, pale Margaret Keenan, bibi wa miaka 90, alipochanjwa mbele ya kamera katika hospitali ya chuo kikuu mjini Coventry, Uingereza, msumari huo ulizunguka dunia nzima. Siku sita baadaye zamu ilikuwa ya New York, muuguzi Sandra Lindsay. Kisha wakaja marais, mawaziri, maaskofu, mashehe, waigizaji na wacheza mpira. Dunia imetoa zaidi ya dozi bilioni 13 za chanjo ya UVIKO-19, na kila chumba cha habari kilihitaji picha ya kuwekea habari hiyo kila siku. Virusi havionekani kwa macho, na jokofu la chanjo halina mvuto. Bega na sindano vipo, bure, kila kituo cha afya.

Bure kwa mhariri, lakini picha hiyo ina bei. Mlipaji ni mtazamaji, na nyuma yake anasimama mhasibu wa Wizara ya Afya. Uingereza ilipata nafasi nzuri ya kuipima, kwa sababu mwanzoni mwa 2021 watazamaji wenye hofu ya sindano walikuwa wakilalamika kwamba hawawezi kufungua habari bila kukutana nayo, na lawama ziliifikia hata BBC. Wakati huohuo timu ya Chuo Kikuu cha Oxford chini ya Daniel Freeman ilikuwa ikiwahoji watu wazima 15,014. Asilimia 26.2 walionyesha dalili za hofu ya damu na sindano. Miongoni mwa hao, waliosita kuchanja walikuwa asilimia 22. Miongoni mwa wasio na hofu, waliosita walikuwa asilimia 11.5.

Hebu tuzigeuze asilimia hizo kuwa watu. Waweke Waingereza 1,000 uwanjani. Wenye hofu ni 262, na kati yao 58 hivi wanasita. Wasio na hofu ni 738, na kati yao 85 wanasita. Jumla ya wanaosita ni 143. Kundi kubwa zaidi ndani ya hao 143 ni la wasioogopa sindano hata kidogo, watu wenye sababu nyingine kabisa: hawaiamini serikali, hawaiamini kampuni, wamesikia hili na lile. Yeyote anayesema kusitasita kote ni woga wa sindano anajidanganya. Ila Freeman na wenzake, walipokokotoa ni kesi ngapi za kusita zingeweza kuepukika kama hofu hiyo isingekuwepo, walipata takriban 1 kati ya 10. Moja kati ya kumi si haba. Kampeni za chanjo hutumia mabilioni kuitafuta hiyo moja kwa matangazo, mikutano na ujumbe wa simu. Hapa sehemu yake inaguswa na uamuzi wa mtu mmoja aliyekaa kwenye chumba cha kuhariri.

Wala jambo hili halikuanza na UVIKO. Mwaka 2019 Jennifer McLenon na Mary Rogers, watafiti wa Marekani, walikusanya tafiti za miaka mingi kuhusu hofu ya sindano. Kwa watoto, walio wengi wanaogopa, jambo ambalo mama yeyote aliyepeleka mtoto kliniki analijua bila kusoma. Kwa vijana wa balehe ni kati ya asilimia 20 na 50, na kwa vijana wakubwa ni kati ya 20 na 30. Wagonjwa watu wazima 16 kati ya 100 walikwepa chanjo ya mafua kwa sababu ya sindano. Nambari iliyonishangaza ni ya wafanyakazi wa hospitali: asilimia 27. Hata wanaoshinda siku nzima karibu na mabomba ya sindano.

Nina shangazi ambaye kijiji kizima kinamjua kwa ushupavu. Amechinja mbuzi, amezalisha majirani, ameua nyoka jikoni kwa mwiko. Kipindi kile cha chanjo, taarifa ya habari ikianza, alikuwa akivuta mtandio mpaka machoni na kupiga kelele, "We mwanangu, toa hiyo, toa! Wamemaliza?" Tukimwambia wamemaliza, anafunua, na papo hapo wanamchoma mwingine. Alichanja baadaye, kwa shingo upande, na alikwenda asubuhi ambayo umeme ulikuwa umekatika usiku kucha.

Tatizo lake halikuwa picha moja. Chukua kituo cha kubuni chenye taarifa 3 za habari kwa siku, na kila taarifa ikawa na picha 4 za sindano ikiingia mkononi. Hizo ni 12 kwa siku na 360 kwa mwezi. Kampeni ya miezi 6 inafikisha 2,160. Mtazamaji huyo, akichanja chanjo ya dozi mbili, atachomwa mara 2. Kwa kila mara moja anayochomwa yeye, atakuwa ameshuhudia wenzake wakichomwa mara 1,080. Nyingi ya picha hizo hata si za siku hiyo. Ni picha za maktaba: bega lilelile la mwezi jana, hospitali ileile, limerudishwa kwa sababu habari ya leo ni kuhusu shehena iliyokwama bandarini na hakuna aliyetumwa bandarini.

Wapo watakaosema ni deko tu. Mtu mzima anaogopaje picha? Ila mwili una mambo yake. Hofu nyingi hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Hofu ya damu na sindano huanza hivyohivyo, kisha hugeuka ghafla: mapigo yanashuka, shinikizo linaporomoka, jasho jembamba, masikio yanavuma, na mtu yuko chini. Mwanasaikolojia wa Sweden Lars-Göran Öst aliwachunguza wagonjwa wake akakuta asilimia 56 ya wenye hofu kubwa ya sindano waliwahi kuzimia, na asilimia 70 ya wenye hofu ya damu. Wenye kiwango cha kuitwa wagonjwa ni wachache, karibu watu 3 au 4 kati ya 100, lakini hao hawaigizi. Öst ndiye pia aliyeeneza dawa rahisi isiyo na gharama: kaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15 mpaka usikie joto usoni, legeza nusu dakika, rudia mara tano. Shinikizo la damu linapanda na hauzimii. Ningependa kuona taarifa ya habari ikionyesha hilo walau mara moja.

Aprili 2021 Marekani ilitoa hesabu inayotuhusu, maana ni ya chanjo ya Johnson & Johnson, ileile iliyoingia Tanzania mwanzo. Kati ya tarehe 7 na 9, katika vituo 5 vya chanjo ya umma, watu 8,624 walichanjwa. Wenye matukio ya wasiwasi walikuwa 64: kizunguzungu, kichefuchefu, jasho, na 17 walizimia kabisa. Ni mtu 1 kati ya kila 135. Vinne kati ya vituo hivyo vitano vilisimamisha kazi kuchunguza. Mamlaka zilipoangalia taarifa za nchi nzima, kuzimia kulikuwa kumeripotiwa mara 8.2 kwa kila dozi 100,000 za chanjo hiyo. Kwa chanjo ya mafua ya msimu uliotangulia ilikuwa mara 0.05. Tofauti ya mara 164! Kilichodhaniwa na waandishi wa ripoti ile kinaingia akilini: chanjo hii ilikuwa ya sindano moja, na anayeogopa sindano ataikimbilia ya moja kuliko ya mbili. Chanjo haikuwaongezea hofu. Waliokuwa nayo ndio waliojaa kwenye foleni ile.

Upande wa pili wa mizani upo, na una uzito. Sindano ya kiongozi mbele ya kamera ni ushahidi. Tarehe 24 Julai 2021 Tanzania ilipokea dozi 1,058,400 za Johnson & Johnson, na tarehe 28 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa Ikulu, Dar es Salaam, matangazo yakienda moja kwa moja. Miezi 6 kabla ya hapo mtangulizi wake alikuwa amewaambia wananchi hadharani kwamba chanjo hizo hazifai. Kwa nchi iliyogeuka ghafla namna hiyo, tamko la wizara lisingetosha. Watu walitaka kuona mkono wa Rais. Waliuona, na siku hiyohiyo Waziri Mkuu na Jaji Mkuu nao wakakunja mikono ya mashati.

Je, picha ile ilileta watu wangapi? Dozi zile zilitosha asilimia 3.4 ya watu wazima, ambao walikuwa takriban milioni 30.7. Mwanzoni mwa 2022, nusu mwaka baadaye, waliokamilisha chanjo walikuwa bado takriban asilimia 3 ya wananchi, na Tanzania ilihesabiwa miongoni mwa nchi za mkiani duniani. Kufikia Aprili 2023 kiwango kilikuwa takriban nusu ya wananchi wote. Kati ya nambari hizo mbili hakuna sindano ya rais. Kuna wahudumu wa afya waliotoka vituoni wakaenda sokoni, stendi, misikitini, makanisani na nyumba kwa nyumba. Kuna chanjo zaidi pia, maana huwezi kumchanja mtu kwa dozi ambayo haijafika. Picha ya Ikulu ilifungua mlango, nalikubali hilo. Waliopita mlangoni walifuatwa majumbani mwao.

Malawi inasimulia yaleyale kwa haraka zaidi. Tarehe 11 Machi 2021 Rais Lazarus Chakwera alichanjwa Zomba, televisheni ikionyesha. Wiki kumi baadaye, tarehe 19 Mei, maafisa wa afya wa nchi hiyo walichoma moto dozi 19,610 za AstraZeneca zilizopitwa na muda. Tukizipigia bei ya juu ambayo shirika la chanjo la Gavi lilikubaliana na kiwanda cha India, dola 3 kwa dozi, ni dola 58,830 zilizoishia tanuruni. Msilaumu kamera tu: dozi hizo zilitoka kwenye shehena ya 102,000 iliyofika ikiwa imebakiza siku 18 za kutumika. Lakini hofu na uvumi vilikuwa vimeshapunguza foleni, na siku 18 hazimsubiri mtu afikirie.

Kongo ilitupa upande wa picha inayokosekana. Kinshasa ilipokea dozi milioni 1.7 za AstraZeneca mwanzoni mwa Machi 2021, ikaanza kuchanja tarehe 19 Aprili, na Rais Félix Tshisekedi hakuonekana kwenye kiti cha chanjo. Alisema waziwazi kwamba ana mashaka nayo. Dozi zipatazo milioni 1.3 zilirudishwa ili zigawiwe nchi nyingine kabla hazijaharibika. Kwa bei ileile ya dola 3, huo ni mzigo wa dola milioni 3.9 uliopandishwa ndege kwenda na kurudi. Septemba mwaka huo Rais alichanjwa Moderna. Wakazi wa Goma na Bukavu, waliokuwa wakifuatilia habari za Kigali ng'ambo ya mpaka, walikuwa wamemwona Rais wa Rwanda akichanjwa tangu Machi. Kwa hiyo rais asiyeonekana naye ni picha, na watu huisoma.

Imani kwamba mkono wa mtu maarufu unaleta umati ina asili yake, na asili hiyo inastahili kukaguliwa. Tarehe 28 Oktoba 1956 Elvis Presley alichanjwa chanjo ya polio mbele ya waandishi mjini New York, kabla ya kupanda kwenye kipindi cha televisheni cha Ed Sullivan. Kila kampeni mpya ikianza, mtu hutaja kwamba uchanjaji wa vijana ulitoka asilimia 0.6 ukafika 80 katika miezi 6. Ni hadithi tamu mno. Chanjo ile ya polio ilikuwa ya sindano tatu, na ya tatu ilisubiri takriban miezi 7 baada ya ya pili, hivyo hakuna aliyeanza siku ya Elvis akamaliza ndani ya miezi 6. Waliofanya kazi ya kweli ni vijana wenyewe, waliopita mlango kwa mlango na kuandaa dansi ambazo kiingilio chake kilikuwa uthibitisho wa kuchanjwa.

Miaka 20 baadaye, tarehe 14 Oktoba 1976, Rais Gerald Ford alikunja shati Ikulu ya Marekani na kuchanjwa chanjo ya mafua ya nguruwe mbele ya kamera. Siku tatu tu kabla, wazee watatu walikuwa wamefariki Pittsburgh baada ya kuchanjwa kwenye kliniki moja, na majimbo kadhaa yalikuwa yamesimamisha zoezi. Uchunguzi haukuihusisha chanjo na vifo vile. Ford alikuwa ameahidi kumchanja kila Mmarekani. Zoezi lilifungwa Desemba likiwa limewafikia watu zaidi ya milioni 40, takriban 1 kati ya 5, baada ya kugunduliwa ugonjwa nadra wa kupooza, karibu kesi 1 ya ziada kwa kila watu 100,000. Mkono wa Rais ulikuwa umetoa ushahidi kwamba Rais amechanjwa. Haukuweza kutoa ushahidi wa kitu kingine.

Na siku hizi hata ushahidi huo unapingwa. Desemba 2020, kipande cha habari ya BBC kilisambazwa mitandaoni kama uthibitisho kwamba chanjo zinaigizwa, kwa kuwa sindano ilionekana ikipotea baada ya kuchomwa. Ilipotea kweli. Ndivyo ilivyoundwa: mabomba ya usalama yana springi inayoivuta sindano ndani mara dawa inapokwisha, ili muuguzi asijichome. Kwetu hutumika zaidi bomba linalojifunga, ambalo likishasukumwa mara moja haliwezi kuvutwa tena, na lisipoelezwa nalo linaweza kuzusha yake. Sekunde 10 za maelezo zingemaliza ubishi. Badala yake zilitumika sekunde chache za picha, na maelfu ya watu wakazirudia polepole kwenye simu zao wakitafuta uongo.

Wiki hiyohiyo, muuguzi mmoja wa Chattanooga, Tennessee, alizimia mbele ya kamera dakika chache baada ya kuchanjwa. Aliamka, akaeleza kwamba yeye huzimia kwa maumivu madogo tu na kwamba hali yake ni ya zamani. Maelezo hayakufika popote. Uvumi kwamba amekufa ulifika kila mahali, hospitali yake ikatoa video yake akiwa amesimama na wenzake, wavumishaji wakasema ni mtu mwingine. Ukilinganisha muda wa kuanguka na muda wa kukanusha, kanusho halina hesabu yoyote inayolipa.

Hapo ndipo nambari zinapoacha kuwa za soni na deko na kuwa za makaburi. El Carmen de Bolívar ni mji wa kaskazini mwa Kolombia. Mwaka 2014 wasichana wa shule waliochanjwa HPV, chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, walianza kuzimia na kufa ganzi. Walianza 15, mwisho wakawa zaidi ya 600, na video zao wakibebwa mzobemzobe zilijaa kwenye televisheni na mitandao. Taasisi ya afya ya nchi hiyo ilichunguza ikasema chanjo haikuwa chanzo, kwamba ni mwitikio wa kisaikolojia uliosambaa kundini. Nchi ambayo dozi ya kwanza ilikuwa ikiwafikia wasichana 98 kati ya 100 ilishuka mpaka 14 kufikia 2016. Waliokamilisha walikuwa 5.

Japani nayo. Mwaka 2013 televisheni zilionyesha wasichana wakitetemeka na wengine kwenye viti vya magurudumu, wakisemwa wameathiriwa na chanjo hiyohiyo. Juni mwaka huo serikali ikaacha kuihimiza, na haikurudi kuihimiza mpaka Aprili 2022. Wasichana waliozaliwa miaka ya katikati ya 1990 walichanjwa kwa asilimia 70 hivi. Waliozaliwa kuanzia 2000, katika miaka hiyo, walichanjwa chini ya asilimia 1. Watafiti waliochapisha hesabu zao mwaka 2020 walikadiria kwamba mtikisiko wa miaka ile, 2013 hadi 2019, utazaa wagonjwa wa ziada kati ya 24,600 na 27,300 wa saratani ya mlango wa kizazi, na vifo kati ya 5,000 na 5,700. Picha peke yake haikuua. Serikali iliyoogopa picha ndiyo iliyosaini. Lakini hakuna aliyeweza kuiweka takwimu mbele ya msichana anayetetemeka ikashinda.

Nimezitaja nchi hizo kwa sababu chanjo hiyo iko mashuleni kwetu. Tanzania ilianza kuwachanja wasichana HPV nchi nzima mwaka 2018, na Aprili 2024 ikahamia dozi moja, ikilenga wasichana zaidi ya milioni 5 wa miaka 9 hadi 14. Makadirio ya kimataifa ya 2020 yaliipa Tanzania wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hiyo kwa mwaka na vifo zaidi ya 6,500. Na umri huo wa miaka 9 hadi 14 ndio umri wa woga. Tukichukua kiwango cha chini kabisa cha McLenon na Rogers kwa vijana wa balehe, asilimia 20, hao ni wasichana milioni 1 wanaoogopa sindano kabla kamera haijawashwa. Halafu mpiga picha anaingia uani, anapita foleni ya sketi za bluu, anamtafuta yule anayelia, kwa kuwa ndiye mwenye picha. Anamvuta karibu: macho yamefumbwa, meno yameuma ukosi wa shati, mkono wa mwalimu begani. Usiku huo, mdogo wa msichana huyo, ambaye shule yake imepangiwa Alhamisi, yuko mbele ya televisheni na sahani ya ugali.

Anna Taddio wa Chuo Kikuu cha Toronto, ambaye kazi yake ya miaka mingi ni maumivu ya watoto kwenye chanjo, aliongoza kuunda utaratibu unaotumika katika shule za Kanada. Hauna kifaa cha gharama. Mtoto anachagua: akae au alale, aangalie au asiangalie, aende na rafiki au peke yake, aulize maswali yake kwanza, apumue taratibu, asikilize muziki. Sindano zinafunikwa zisionekane kutoka kwenye foleni. Hilo la kufunika ndilo linalogongana na televisheni, maana muuguzi anakificha darasani kile ambacho kituo kinakirudisha sebuleni kikiwa kimekuzwa mara 9.

Kwa upande wa chumba cha habari, hesabu ya mabadiliko ni ndogo kiasi cha kuchekesha. Sindano ya kiongozi ionyeshwe, tena mwanzo hadi mwisho, bomba likielezwa, kwa sababu ni ushahidi na ushahidi haukatwi katikati. Ionyeshwe siku hiyo. Kesho yake si ushahidi tena. Kwa siku 179 zinazobaki za kampeni ya miezi 6 kuna pamba na plasta, kuna kadi inayogongwa muhuri, kuna foleni, kuna mama anayecheka na muuguzi baada ya kumaliza, kuna boksi la barafu linaloshushwa kutoka kwenye pikipiki Sengerema au Lodwar. Kuzipiga picha hizo kunachukua muda uleule wa kupiga bega. Gharama mpya ni moja: mtu akae mchana mmoja kwenye maktaba ya kituo, azitafute zile picha za zamani za sindano, na aziwekee alama kwamba zisirudi hewani bila mhariri kuulizwa.